Nikeli bila stima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yetu ya kupaka vyuma nikeli iko upande wa Shimanzi, Mombasa, na wateja wetu wengi ni watu wa bahari na watu wa pampu. Huja na kitu kimefungwa gazetini: shafti ya pampu ya kisima, vali ya mtambo wa barafu, bolti za boti, mara nyingine dele la bibi. Maswali huwa ni yale yale na sauti yangu inakwisha, kwa hivyo nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu huko ndiko pesa za watu zinakozama.

Mnapakaje chuma bila stima? Si lazima kuwe na nyaya?

Katika kroming, na katika nikeli ya kawaida, kitu hufungwa waya, kikatumbukizwa kwenye dawa, kikapelekewa umeme. Umeme ndio unaoleta elektroni, na elektroni ndizo zinazoigeuza nikeli iliyoyeyuka majini iwe chuma kigumu juu ya kitu chako. Sisi elektroni hizo tunazitoa ndani ya dawa yenyewe, kwenye kemikali iitwayo haipofosfiti ya sodiamu. Ndani ya tangi mna salfeti ya nikeli, hiyo haipofosfiti, asidi kama ile ya maziwa yaliyoganda au ya ndimu ya kuishikilia nikeli isianguke ovyo, na tone la dawa ya kuutuliza mchanganyiko mzima.

Uzuri wake ni kwamba nikeli iliyokwisha kuganda ndiyo kichocheo cha nikeli inayofuata. Tabaka la kwanza huita la pili, la pili huita la tatu, na kazi huendelea maadamu dawa ina nguvu. Na kwa vile hakuna umeme wa kutafuta njia ya mkato, unene huwa mmoja kila mahali maji yanapofika. Umeme hupenda ncha na kingo. Ukipaka bomba kwa umeme, nje kutang'aa na ndani kubaki vile vile. Dawa yetu huingia ndani ya bomba, kwenye tundu la bolti, nyuma ya meno ya gia, na kuacha unene ule ule. Hiyo ndiyo sababu ya watu wa pampu kutufuata sisi.

Kwa hivyo stima ikipotea nyinyi mnaendelea kama kawaida?

Natamani. Dawa hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 85 na 92 za Selsiasi, na lazima kitu kiipashe moto. Ikishuka chini ya 70 hutaona maendeleo yoyote. Sisi tuna hita za stima na gesi ya akiba. Jina "bila stima" linahusu kinachotokea ndani ya tangi. Bili ya Kenya Power tunalipa kama wewe.

Nani aligundua jambo hili?

Hili huulizwa na wanafunzi wa chuo wanaokuja kujifunza kazi. Mfaransa Adolphe Wurtz aliona mwaka 1844 kwamba haipofosfiti huitoa nikeli majini, lakini alichopata kilikuwa unga mweusi usiofaa kitu. Miaka 102 ikapita. Mwaka 1946 Abner Brenner na Grace Riddell, waliokuwa wakifanya kazi katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, walikuwa wanapaka ndani ya mabomba kwa umeme. Waliongeza haipofosfiti kwa kusudi jingine kabisa, kuzuia dawa yao isiharibike kwa oksijeni. Walipotoa bomba wakakuta hata upande wa nje umepakwa, na nikeli iliyoganda ilizidi ile ambayo umeme wao ungeweza kuileta. Wangeweza kusema mizani ni mbovu. Hawakusema.

Mwanangu alitia msumari kwenye maji ya mrututu ukageuka rangi ya shaba. Si ndiyo hiyo hiyo?

Ni binamu yake. Pale chuma cha msumari huyeyuka kidogo na shaba ya mrututu hukaa mahali pake: mmoja atoke, mwingine aingie. Ndiyo maana shaba ile hufutika kwa kidole, na ndiyo maana kazi husimama yenyewe. Msumari ukishafunikwa wote hakuna tena chuma cha kutoka, basi hakuna shaba ya kuingia. Tabaka la namna hii huwa jembamba mno. Dhahabu inayowekwa juu ya nikeli kwenye bodi za simu na kompyuta huwekwa kwa njia ya kubadilishana hivyo, na unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya maikroni au chini ya hapo. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, ujue tunazungumzia nini.

Nilipakiwa nikeli kwingine, na ndani ya miezi mitatu kutu imetoka. Nikeli si haishiki kutu?

Hapa ndipo ninapoomba mtu avute kiti.

Kuna njia mbili za kukilinda chuma. Ya kwanza ni ya zinki, ile ya mabati. Zinki hujitoa mhanga: ukikwaruza bati, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza na chuma husalimika kwa muda. Ya pili ni ya nikeli. Nikeli ni ukuta. Ukuta ukiwa mzima, bahari haiingii. Ukiwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, mambo hugeuka vibaya: baharini, nikeli na chuma vikigusana vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni chuma. Nikeli yote iliyozunguka tundu inavuta, na chuma cha pale penye tundu peke yake ndicho kinacholipa. Kwa hiyo kitu chenye nikeli nyembamba yenye matundu kinaweza kutoboka upesi kuliko ambacho hakikupakwa kabisa. Watu huona ni porojo mpaka waone shafti yenyewe, inang'aa pande zote na ina shimo moja la kuingia kidole.

Sasa fikiria Mombasa. Upepo wa kusi ukivuma, chumvi iko hewani mpaka Makupa. Huhitaji kutia kitu baharini ili kiloe chumvi. Unene unaomtosha mtu wa Nakuru, tuseme maikroni 10, hapa ni mapambo tu. Kwa kitu cha ndani ya nyumba huku pwani mimi huanzia 25. Kwa kitu kinachoguswa na maji ya bahari, 50 hadi 75, na hata hapo nataka kwanza nikione kimesuguliwa vizuri, maana matundu mengi hayatoki kwenye dawa. Hutoka kwenye chuma chenyewe: mikwaruzo mirefu ya grainda, vishimo vya kutu ya zamani, uchafu uliobaki. Nikeli hufuata sura ya kitu kama ngozi. Haizibi shimo.

Ukitaka kujua kama kazi uliyofanyiwa ina matundu, loweka karatasi laini kwenye maji ya chumvi, ifunike juu ya kitu, iache usiku kucha ikiwa na unyevu. Asubuhi hesabu vidoa vya rangi ya kutu kwenye karatasi. Nasi tupimeni hivyo hivyo.

Mbona mnatumia siku nzima kusafisha na saa chache kupaka?

Kwa sababu dawa haisamehe. Kuna jaribio moja linalotosha: kitu kikitoka kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, maji yatande juu yake kama shuka moja. Yakikatika na kujikusanya vitone vitone, pana mafuta, na pale nikeli itabanduka kama ganda la kitunguu.

Mpangilio wetu ni huu. Kitu kilichotoka baharini hulowekwa kwanza kwenye maji baridi siku moja au mbili, yakibadilishwa, ili chumvi iliyojificha kwenye vishimo itoke. Kisha maji ya moto yenye magadi makali kuondoa mafuta, kusuuza, msasa au mchanga wa kupuliziwa, magadi tena, kusuuza tena, kisha asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa kwa muda mfupi kuondoa kutu na kukiamsha chuma. Kusuuza kwa mara ya mwisho, halafu moja kwa moja ndani ya tangi kikiwa kibichi. Ukikiweka mezani ukapokea simu, rudi mwanzo.

Na maji yenyewe ni kesi. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe. Maji ya kisima ni ya chokaa na chumvi. Maji ya mfereji tunayatumia kusuuzia tu. Ya kuchanganyia dawa ni yale yaliyochujwa chumvi zote, hakuna mjadala. Kijana mmoja aliwahi kuniletea madumu mawili ya maji yanayodondoka kwenye AC, akisema hayo ni mvuke uliopoa, safi kama ya betri. Kwa nadharia ana haki. Lakini maji hayo yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi la mwaka mzima. Tulimwagilia mchaichai.

Niombe unene gani, na aina gani?

Unene nimeshausema. Aina ni suala la fosforasi, kwa sababu tunachopaka si nikeli tupu. Haipofosfiti huacha fosforasi yake ndani ya tabaka. Ikiwa asilimia 10 hadi 13, tabaka huwa halina chembe zilizopangika, karibu kama kioo, na hilo ndilo linalostahimili chumvi zaidi. Ikiwa asilimia 5 hadi 9, hung'aa zaidi na dawa yake huenda haraka. Ndiyo aina inayotumika sana duniani. Chini ya hapo ni ngumu kama inavyotoka tangini na huvumilia vitu vya magadi, ila asidi huishinda.

Mtu wa gia na pistoni hutaka ugumu. Tabaka la fosforasi nyingi hutoka tangini likiwa na ugumu wa kama 500 kwa kipimo cha Vickers. Ukilioka kwenye nyuzi 400 kwa saa moja hupanda hadi karibu 900 au zaidi, kwa sababu ndani yake huzaliwa chembe ngumu za nikeli na fosforasi. Lakini tabaka lililookwa hivyo hujikunja na kupata nyufa ndogo sana, na nyufa ni milango ya chumvi. Chagua moja: ugumu au bahari. Anayekuahidi vyote viwili kwa ukamilifu hajawahi kufunga pampu Likoni.

Bolti zangu zimerudi haziingii kwenye nati!

Uliyetupigia kelele Jumanne, jibu lako ni hili. Maikroni 25 kila upande ni 50 kwenye kipenyo cha shafti. Kwenye meno ya bolti, kwa sababu ya mlalo wa meno, kipimo cha katikati ya meno huongezeka mara nne ya unene: 25 inakuwa 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Nati nayo ikiwa imepakwa, hesabu ni mara mbili yake. Bolti hukatwa ndogo kabla ya kupakwa, au hupakwa kidogo. Kuzisugua baadaye kwa dai, kile chombo cha kukatia meno ya bolti, ni kutoa kile ulicholipia.

Na bolti za chuma kigumu sana, au springi, tuambie mapema. Asidi na dawa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hujipenyeza ndani ya chuma kigumu ikakifanya kivunjike ghafla siku hujui. Dawa yake ni kukioka kwenye kama nyuzi 200 kwa saa kadhaa, upesi baada ya kutoka tangini.

Aluminiamu?

Ndiyo, kwa njia ya kuzunguka. Aluminiamu huvaa koti la oksaidi mara tu ikigusa hewa, kwa hiyo hutumbukizwa kwanza kwenye dawa ya zinki, tabaka hilo huondolewa kwa asidi ya nitriki, kisha zinki mara ya pili, ndipo nikeli. Mguu wa injini ya boti nitakukatalia. Tundu moja baharini na aluminiamu itageuka unga.

Nina dele la shaba la marehemu bibi. Nataka ling'ae kama fedha.

Dada, kwanza nitakuuliza kwa nini. Dele la shaba lililong'arishwa kwa ndimu na majivu lina uso wake.

Kama umekwisha kuamua: shaba haianzi kazi yenyewe kama chuma cha kawaida. Ndani ya dawa hukaa tu. Huguswa na kipande cha chuma au cha nikeli humo humo majini, na mguso huo huisukuma ikaanza. Tabaka la kwanza likishakaa, mengine hujiendea. Kikwazo ni viungo. Madele ya zamani mdomo na mkono hulehemiwa kwa risasi na bati, na risasi, bati, zinki na kadimiamu ni sumu kwa dawa hii. Tuliwahi kupaka moja; mwili wote ulitoka mzuri, viungo vikabaki na pete nyeusi, na risasi iliyoyeyuka ikaidhoofisha dawa ya tangi zima. Siku hizi nalikagua dele kabla hata sijasema bei. Likiwa ni la kunywea kahawa, jibu ni lile la sufuria hapa chini.

Sufuria za kupikia je?

Hapana. Mchuzi wa ukwaju na ndimu huyeyusha nikeli, na wako watu ambao ngozi na matumbo yao hayapatani nayo. Sufuria ya shaba hutiwa bati ndani, kazi ya zamani na yenye heshima yake. Bangili na hereni nazo zikipakwa nikeli zinaweza kuwasha mwenye mzio.

Plastiki haipitishi umeme. Nembo za gari za plastiki hung'arishwaje?

Swali zuri kuliko yote, na ni kazi ambayo sisi hatufanyi. Plastiki ya ABS ina vijiduara vya mpira vilivyotawanyika ndani yake. Huchovywa kwenye asidi kali ya kromiki na salfuriki, vijiduara vya juu huliwa, yakabaki mashimo madogo madogo ya chuma kushikia, kama ukuta unavyochongwa kabla ya kupigwa plasta. Kisha huwekwa chembe za paladiamu, zikisaidiwa na kloridi ya bati. Paladiamu ni kichocheo. Dawa ya nikeli au ya shaba huanzia hapo. Tabaka hilo likiwa chini ya maikroni moja, plastiki imekuwa kitu kinachopitisha umeme, na zinazofuata ni shaba, nikeli na kromu za umeme. Kromiki ya aina hiyo husababisha saratani, na sina mahali pa kuiweka. Matundu ya bodi za kompyuta nayo hupakwa shaba ndani kwa mantiki ile ile ya paladiamu, ila dawa yake ni ya magadi na hutumia formaldehaidi.

Na vioo? Kioo changu cha kujitazamia kimeota madoa meusi pembeni.

Nyuma ya kioo pana fedha, na fedha hiyo pia huwekwa bila stima. Justus von Liebig alieleza mwaka 1835 jinsi fedha inavyojitandaza kwenye ukuta wa chupa. Nitreti ya fedha hutiwa amonia, kisha sukari ya glukosi, na ndani ya dakika chache kioo kinakuangalia. Madoa meusi ni unyevu na chumvi ya pwani iliyoingia pembeni pale rangi ya nyuma ilipopasuka. Hayafutiki, fedha yote hukwanguliwa ikawekwa upya. Ukinunua kioo kipya, paka kingo zake vanishi kabla hujakitundika.

Wanaojaribu nyumbani: mchanganyiko wa fedha na amonia hauwekwi. Ukikaa au ukikauka unaweza kulipuka kwa kuguswa tu. Changanya cha kutosha kazi, maliza, uharibu mabaki papo hapo kwa asidi na maji mengi.

Mimi ni fundi pia. Dawa yangu ilianza kutoa povu kila mahali, ikawa nyeusi. Nini?

Pole. Imejimwaga. Nikeli imeacha kuchagua mahali pa kukaa, ikaganda kwenye vumbi, kwenye kuta, kwenye hita. Sababu za kawaida ni tatu: hita iliyounguza dawa mahali pamoja, kumwaga haipofosfiti kavu au ya mkupuo badala ya kuipunguza na kuitia polepole, na vumbi lisilochujwa. Nyingine ni kukimbizana na bei: lita moja ina kama gramu 6 za nikeli, na kitu chenye desimita moja ya mraba kikipakwa maikroni 25 hula karibu gramu 2. Ukitia vitu vingi kwenye dawa kidogo, bila kupima na kurudisha kilicholiwa kila nikeli inaposhuka kwa sehemu ya kumi, lazima iyumbe. Ukuta wa tangi ulioota nikeli husafishwa kwa asidi ya nitriki kabla ya dawa mpya, la sivyo ukuta utapakwa badala ya kazi. Na pH, kipimo cha ukali wa asidi, iwe karibu 4.8; pima kila saa, usikisie.

Dawa iliyochoka mnaimwaga wapi?

Si mtaroni. Mitaro ya kisiwa hiki hushuka kwenye hori la Tudor au Kilindini, na chumvi za nikeli ni sumu kwa viumbe na zinaweza kuleta saratani kwa anayezivuta. Kutia chokaa peke yake hakutoshi, maana ile asidi inayoishikilia nikeli tangini huendelea kuishikilia hata baadaye. Sisi hupandisha pH, tukatia sufi ya chuma ikameza nikeli iliyobaki, kisha kinachosalia huchukuliwa na mwenye leseni ya kubeba taka za hatari kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Ni gharama, na imo ndani ya bei yako.

Nikileta leo nitapata lini?

Dawa huweka maikroni 10 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo 50 ni nusu siku tangini. Kuloweka na kusafisha ni siku mbili kwa kilichotoka baharini. Kikija Alhamisi, hesabu ni ya Jumatatu: Ijumaa hita huzimwa kabla ya saa sita, na hatuliwashi tangi upya kwa ajili ya vali moja. Njoo na vipimo vya shafti vimeandikwa kwenye karatasi, na jina la chuma kama unalijua. Usikipake rangi kuficha kutu. Tutaikwangua kwa pesa zako.